Waombaji 85, nafasi moja: Kinachoamua ndani ya chumba cha usaili

Juni 2014, zaidi ya vijana 10,000 walijaa kwenye majukwaa ya Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, ambao leo unaitwa Uwanja wa Benjamin Mkapa, wakifanya mtihani huku karatasi ziko mapajani. Walikuwa wanawania nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Mwaka 2025, Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ilipotangaza nafasi 1,596, maombi yalipita 135,000. Safari hii mtihani uligawanywa katika vituo vya Bara na Zanzibar, lakini hesabu ilibaki nzito: karibu waombaji 85 kwa kila nafasi.

Ukiwauliza vijana ni nini kinachoamua nani apate, wengi watakujibu kwa neno moja: kujuana. Upendeleo upo, na unaumiza. Hata hivyo, wapo wanaoanguka kwa mambo yaliyokuwa ndani ya uwezo wao, na wapo waajiri wanaompoteza mtu sahihi kwa sababu waliingia kwenye usaili bila kujua wanatafuta nini.

Makaratasi ndiyo huanza kuwaangusha watu. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hurudia masharti yale yale: vyeti halisi, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho. Hati ya matokeo haipokelewi badala ya cheti. Jina la cheti cha kidato cha nne likipishana na la kitambulisho, msailiwa anatakiwa awe na hati ya kisheria inayoeleza tofauti hiyo. Hayo hayarekebishiki asubuhi ya usaili, getini.

Akivuka mchujo, msailiwa hukutana na jopo. Hapo ndipo wengi hukosea kwa kujisifu badala ya kuonyesha kazi.

Chukua nafasi ya mhasibu msaidizi katika SACCOS. Jopo linauliza: "Unafunga hesabu za mwezi, daftari la fedha na taarifa ya benki vinapishana kwa shilingi 27,000. Utafanya nini?" Msailiwa wa kwanza anajibu kwamba yeye ni mchapakazi, mwaminifu, na atashirikiana vizuri na wenzake. Hajasema neno baya, ila jopo halijapata cha kuandika kwenye fomu ya alama.

Wa pili anaanza na hundi ambazo bado hazijapita benki na makato ya benki ambayo hayajaingizwa daftarini. Kisha anaongeza kwamba 27,000 inagawanyika kwa tisa, kwa hiyo angekagua kama kuna mahali tarakimu zimebadilishana nafasi, mathalani 58,000 iliyoandikwa 85,000. Anamalizia kwa kueleza jinsi tofauti kama hiyo ilivyomsumbua alipokuwa kwenye mafunzo kwa vitendo, alivyoipata, na alivyomjulisha msimamizi wake kabla ya kurekebisha chochote.

Jibu la namna hiyo huandaliwa nyumbani. Msailiwa huchukua tangazo la kazi, akapitia majukumu moja baada ya jingine, na kila jukumu akalitafutia tukio moja la kweli: hali ilikuwaje, yeye mwenyewe alifanya nini, matokeo yakawa nini. Aliyehitimu juzi naye hakosi matukio. Kuna kujitolea, kuna duka la familia, kuna uongozi wa wanafunzi, hata utunzaji wa daftari la kikoba.

Suala la mshahara nalo huwababaisha wengi. Serikalini ngazi hutajwa kwenye tangazo. Kwenye kampuni binafsi ni vizuri kuulizia mapema viwango vya soko, halafu kutaja kiasi ambacho mtu anaweza kukitetea.

Upande wa mwajiri, kazi ni kubwa zaidi. Mwaka 2022, watafiti wakiongozwa na Paul Sackett wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walipitia upya tafiti za miongo mingi kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi. Kwenye kipimo ambacho 1 ni ubashiri kamili wa utendaji kazini, usaili wenye mpangilio ulipata 0.42 na kuongoza orodha. Usaili wa maongezi huru ulipata 0.19. Mpangilio maana yake ni kwamba wasailiwa wote wanaulizwa maswali yale yale yanayohusu kazi yenyewe, na kila jibu linapewa alama kwa vigezo vilivyoandikwa kabla. Google, iliyosifika kwa kuwauliza waombaji mafumbo, iliachana nayo ilipoona hayabashiri chochote.

Kenya imewahi kuufungua mlango wa chumba cha usaili kwa umma. Aprili 2021, wawaniaji 10 wa nafasi ya Jaji Mkuu walihojiwa na Tume ya Huduma za Mahakama huku wananchi wakifuatilia kwenye televisheni, na majaji miongoni mwao wakahojiwa kuhusu hukumu walizowahi kuziandika. Martha Koome alipendekezwa, akawa mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo. Kabla yake, mwaka 2011, Willy Mutunga, aliyewania nafasi hiyo hiyo, aliandamwa kwa sababu ya hereni ya sikioni. Alikataa kuivua, na akateuliwa.

Yapo pia maswali ambayo mwajiri hana haki ya kuyafanya kigezo. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa misingi ya kabila, dini, jinsia, ujauzito, ndoa, ulemavu na mengineyo, na inamlinda hata anayeomba kazi. Binti anayeulizwa ataolewa lini anaulizwa jambo lisilohusiana kabisa na kazi aliyoiomba.

Linabaki deni moja ambalo waajiri wengi hawalilipi. Msailiwa hujigharamia nauli, chakula na malazi; anaweza kutoka Kigoma hadi Dodoma kwa pesa ya kukopa. Aliyekosa anastahili angalau ujumbe mfupi wa kumwambia kwamba nafasi imejazwa, na ikiwezekana, ni eneo gani alama zake zilipungua. Ujumbe huo ni kazi ya dakika chache kwa ofisi, na humwezesha kijana kujua ajipange vipi kabla tangazo jingine halijatoka.