Vidonda vya Upasuaji na Bakteria Wasiosikia Dawa

Ngozi ndiyo kinga ya kwanza ya mwili, na karibu kila upasuaji, hata ule unaofanywa kwa ustadi mkubwa, huanza kwa kuipasua kinga hiyo. Kwa sababu hiyo, kuwapo kwa bakteria katika kidonda cha mgonjwa aliyelazwa si jambo la kushangaza, wala peke yake si ushahidi wa uzembe. Bakteria ni viumbe wa seli moja wasioonekana kwa macho matupu, ambao wengi wao huishi juu ya ngozi, puani na katika utumbo wa kila binadamu bila kumdhuru. Maambukizi ya kidonda hutokea pale wanapozaliana ndani ya jeraha kwa kasi inayoushinda mwili, na dalili zake anazijua kila muuguzi wa wodi ya upasuaji: joto, uvimbe, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, usaha, na wakati mwingine mshono kuachia.

Bakteria wanaopatikana mara nyingi katika vidonda hivyo ni wachache. Stafilokokasi aureasi, anayeishi puani na kwenye ngozi, hubebwa na mgonjwa mwenyewe au na mikono ya wanaomhudumia. Esherikia koli na Klebsiela hutoka utumboni, hasa tumbo linapofunguliwa. Sudomonasi hupenda mahali penye unyevu, kama vile kwenye masinki na mabeseni, na huweza kuugeuza usaha kuwa wa kijani. Na Asinetobakta huweza kuishi kwa siku nyingi juu ya sehemu kavu, kama vyuma vya kitanda na meza za kandoni. Utafiti uliofanywa katika Hospitali ya Bugando, jijini Mwanza, na kuchapishwa mwaka 2011, uliwafuatilia wagonjwa 250 waliofanyiwa upasuaji mkubwa, na ukabaini kwamba asilimia 26 kati yao walipata maambukizi ya kidonda. Stafilokokasi ndiye aliyeongoza, lakini lililotisha zaidi ni kwamba zaidi ya nusu ya Esherikia koli na Klebsiela waliooteshwa maabara walikuwa na uwezo wa kuziharibu dawa ambazo madaktari huzitegemea kila siku.

Uwezo huo ni aina mojawapo ya kile kinachoitwa usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Viuavijasumu, ambavyo wengi huviita antibiotiki, huua bakteria kwa kushambulia sehemu maalumu za seli zao, mathalani ukuta unaozishikilia, na bakteria nao wana njia kadhaa za kujihami: wapo wanaobadilisha umbo la sehemu inayolengwa ili dawa isishike, wapo wanaoisukuma dawa nje mara inapoingia, na wapo wanaotengeneza vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia, ambavyo huikatakata dawa kabla haijafanya kazi. Vimeng'enya vya kundi hili la mwisho, vilivyokuwa vimeenea katika sampuli za Mwanza, huvunja penisilini pamoja na seftriaksoni, sindano inayotumika mno katika wodi za Afrika Mashariki. Ugumu huongezeka kwa kuwa vinasaba vinavyobeba maelekezo ya kutengeneza vimeng'enya hivyo mara nyingi hukaa kwenye plazimidi, yaani kipande kidogo cha vinasaba chenye umbo la duara ambacho bakteria mmoja huweza kumpa mwingine, hata asiye wa jamii yake. Hali si ngeni: methisilini ilitengenezwa ili kumshinda Stafilokokasi aliyeizoea penisilini, na kufikia mwaka 1961 tayari Uingereza ilikuwa imeripoti aina isiyosikia dawa hiyo mpya. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2022 yalionyesha kwamba mwaka 2019 vifo takriban milioni 1.27 duniani vilisababishwa moja kwa moja na usugu wa bakteria.

Watu wengi huamini kwamba usugu huu huletwa na wanaonunua vidonge dukani bila cheti na kuviacha kabla ya kumaliza dozi, na ni kweli kwamba mazoea hayo yana sehemu yake. Hata hivyo, kwa upande wa vidonda vya hospitali, chanzo kikubwa kimo ndani ya wodi zenyewe, katika desturi ya kumpa mgonjwa viuavijasumu kwa siku tano au saba baada ya upasuaji ili kujihadhari. Desturi hii inaeleweka, kwa maana ndugu wa mgonjwa hufarijika wanapoona sindano zikiendelea, na daktari humwogopea mgonjwa wake. Lakini dawa ya kinga hufaa pale inapokuwa tayari imeenea katika nyama wakati kisu kinapopita. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unaelekeza dozi itolewe ndani ya dakika 120 kabla ya kupasua, na isiendelezwe baada ya upasuaji kumalizika. Siku zinazoongezwa huua bakteria dhaifu walioko utumboni na kwenye ngozi, na kuwaachia nafasi wale walio sugu.

Hospitali ya Thika, nchini Kenya, ilithibitisha kwamba mazoea hayo yanaweza kubadilika. Katika miaka ya 2010 na 2011 hospitali hiyo, ambako karibu kila mgonjwa alikuwa akipewa dawa baada ya upasuaji na ni wachache mno waliopewa kabla, ilianzisha sera ya dozi moja kabla ya kisu. Katika muda wa wiki chache utaratibu ulikuwa umeshika, maambukizi ya juujuu ya vidonda yakapungua, na gharama za dawa na mabomba ya sindano zikashuka.

Kidonda kikishatunga usaha, jambo la kwanza ni kukifungua, kukisafisha na kuondoa nyama iliyokufa, kwa sababu dawa husafirishwa na damu, na damu haifiki katikati ya usaha wala katika nyama iliyokufa. Sampuli ichukuliwe baada ya kusafisha, kutoka ndani ya jeraha, kwa kuwa pamba iliyopitishwa juu tu huokota bakteria wasiohusika. Maabara huotesha sampuli hiyo, kisha huwajaribu bakteria kwa dawa mbalimbali, kazi ambayo kwa kawaida huchukua siku mbili hadi tatu. Pasipo majibu hayo daktari hulazimika kubahatisha, na kila anapokosea huhamia dawa nzito zaidi, hadi meropenemu, ambayo bei yake familia nyingi haziimudu.

Kinga nyingine zina gharama ndogo kuliko inavyodhaniwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliofanyika katika nchi saba zikiwamo Rwanda, Ghana na India, uliwataka madaktari wa upasuaji wabadilishe glovu na vifaa kabla ya kulifunga tumbo, na maambukizi yakashuka kutoka asilimia 18.9 hadi 16.0. Hospitali inayonunua seftriaksoni kwa maboksi haipaswi kushindwa kuziingiza glovu hizo katika bajeti ya chumba cha upasuaji, pamoja na maji ya bomba yasiyokatika na vitakasa mikono kando ya kila kitanda.