Aliki Vougiouklaki: Sauti Ndogo Iliyojaza Majumba ya Sinema

Mwaka 1968 majumba ya sinema ya Ugiriki yaliuza tiketi milioni 137, na nchi nzima haikuwa na watu hata milioni 9. Ukigawa, kila Mgiriki, kuanzia mtoto hadi kikongwe, anapata tiketi zaidi ya 15 kwa mwaka. Televisheni ilikuwa changa, haina hata miaka mitatu tangu ianze kurusha matangazo. Kiangazi familia zilikwenda sinema za wazi, zikakaa chini ya nyota kutazama filamu mtaani kwao. Na mtu waliyemfuata kuliko wote ni mwanamke mfupi mwenye nywele za dhahabu, Aliki Vougiouklaki, waliyemwita nyota wa taifa.

Wahakiki wengi wa zama zake hawakumthamini. Walilalamika kwamba sauti yake ni nyembamba na kwamba kila filamu anaigiza msichana yuleyule mtundu. Naheshimu uhakiki, lakini hapa naona walikosea kipimo. Aliki alikuwa mwigizaji anayeimba, na kazi hiyo ina ufundi wake.

Alizaliwa Marousi, nje kidogo ya Athens, tarehe 20 Julai 1934. Utoto wake uliangukia kwenye vita, wakati majeshi ya Ujerumani na washirika wake yameikalia Ugiriki. Mwaka 1943 baba yake aliuawa, mama akabaki na watoto watatu wa kulea. Miaka ya hamsini ilipoanza, Aliki alijiunga na shule ya uigizaji ya Jumba la Taifa la Maonyesho, na mwaka 1954 akaonekana kwa mara ya kwanza kwenye filamu, To Pontikaki.

Mwaka uleule wa 1943 uliomwondolea baba ndio Filopoimin Finos alioanzisha kampuni ya Finos Film, iliyokuja kuwa kubwa kuliko zote nchini na kutengeneza filamu nyingi za Aliki. Finos alikuwa fundi wa sauti, na jambo hilo lina uzito. Katika filamu zenye nyimbo, wimbo hurekodiwa kwanza studio. Siku ya kupiga picha unachezwa tena, naye mwigizaji anaufuata kwa midomo na mwili. Sauti inayosikika imeimbwa mbele ya maikrofoni, kwa utulivu, bila kushindana na upepo wala kelele za mtaani. Sauti ndogo haipotei hapo. Inasikika kama mtu anayekunong'oneza sikioni.

Mtunzi aliyeielewa sauti hiyo alikuwa Manos Hadjidakis, yuleyule aliyekuja kupata tuzo ya Oscar mwaka 1961 kwa wimbo wa filamu Never on Sunday. Mwaka 1959, katika vichekesho vya Alekos Sakellarios, To xylo vgike ap' ton paradeiso, Aliki aliigiza mwanafunzi mkorofi anayempenda mwalimu wake, ambaye aliigizwa na Dimitris Papamichael, mume wake wa baadaye. Nyimbo za filamu hiyo ni nyepesi, na zinakaa karibu sana na mazungumzo. Aliki haonekani kama mtu aliyesimama ili aimbe. Anaongea, anacheka, anadeka, na ghafla unagundua kwamba ameshaingia kwenye wimbo. Kuvuka mpaka huo bila mtazamaji kushtuka ni jambo gumu, na waimbaji wengi wenye sauti kubwa hawaliwezi.

Ukitaka kuona kipaji chake kikiwa kamili, tazama Madalena ya mwaka 1960, iliyoongozwa na Dinos Dimopoulos. Madalena ni binti wa kisiwani. Baba yake, mvushaji wa abiria, anafariki, na binti anabaki na wadogo wanaohitaji chakula pamoja na mashua iliyochakaa. Anaamua kuiendesha mwenyewe. Wanakijiji hawataki kuvushwa na mwanamke, na mshindani wake anawachukua abiria. Anayemsimamia binti ni padri wa kijiji, aliyeigizwa kwa upole mkubwa na Pantelis Zervos. Kichekesho kipo tele, lakini chini yake kuna njaa halisi. Katikati ya shida hizo unakuja wimbo wa Hadjidakis unaoisemesha bahari, nao unatuonyesha moyo ambao Madalena anawaficha wanakijiji. Ukiutoa, filamu inapungukiwa na nusu ya mhusika wake. Aliki alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kike mjini Thessaloniki mwaka huohuo, na mwaka 1961 filamu ilishindanishwa Cannes.

Wasomaji wa pwani yetu hawatashangazwa na filamu inayosimama juu ya nyimbo. Miaka hiyohiyo Wagiriki nao walijaa kutazama filamu za Kihindi. Mother India ilipofika huko, Nargis, nyota wa filamu hiyo, alililiwa Athens kama alivyoliliwa Zanzibar. Waimbaji wa Kigiriki walitia maneno yao katika tuni za Kihindi, kama Juma Bhalo alivyofanya katika taarab ya Mombasa. Wagiriki walikuwa wametoka kwenye vita, kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokwisha mwaka 1949. Filamu za Kihindi ziliwapa ruhusa ya kulia. Aliki aliwapa kitu cha pili walichokihitaji: msichana maskini anayeanguka, anainuka, na mwishoni anashinda.

Jaribio la kumpeleka nje, Aliki My Love ya mwaka 1963 iliyoigizwa kwa Kiingereza, halikufua dafu. Sababu naiona wazi. Utani wake ulikuwa ndani ya Kigiriki, katika namna anavyovuta neno na kulikata, na hilo halikusafiri. Nyumbani alizidi kupaa. Mwaka 1970, Ypolochagos Natassa, hadithi ya mwanamke anayepambana na Wajerumani wakati wa vita, iliuza tiketi zaidi ya 700,000 na kuweka rekodi.

Kisha televisheni ikaingia majumbani na sinema zikaanza kufungwa. Nyota wengi walizimika nazo. Aliki aliwahi kuona mkondo unakoelekea, akahamishia nguvu zake kwenye jukwaa, akiwa na kundi na jumba lake mwenyewe Athens. Aliigiza Cabaret, kisha Evita. Jukwaani hakuna studio ya kukusitiri. Unaimba usiku huu, kesho tena, mbele ya watu waliolipa. Mwanamke aliyedharauliwa kwa sauti nyembamba akaubeba mzigo huo kwa miaka mingi, na hata tamthilia za kale, Lysistrata na Antigone, akazikabili.

Kazi yake ya mwisho jukwaani ilikuwa The Sound of Music kwa Kigiriki. Saratani ilimkatiza. Alifariki tarehe 23 Julai 1996, siku tatu baada ya kutimiza miaka 62, na umati mkubwa ulimsindikiza mazikoni Athens. Filamu zake bado zinarushwa na televisheni za Ugiriki, na vijana waliozaliwa baada ya kifo chake wanazijua nyimbo zake.

Msanii wa watu hupimwa kwa kazi aliyojitwika. Aliki alijitwika kuwafurahisha watu waliochoka, kwa lugha yao na kwa sauti aliyojaliwa, akaifanya kwa nidhamu kwa zaidi ya miaka 40. Ukimtazama, anza na Madalena, na usikilize kwa makini pale maneno yanapogeuka kuwa wimbo. Ustadi wake umo humo.