Gari la Parokia Linalala Wapi? Namna ya Kulinda Vyombo vya Usafiri Vinapoegeshwa Nyumbani

Kwa parokia nyingi za vijijini, gari au pikipiki si anasa. Ndicho chombo kinachompeleka muuguzi kwenye kliniki ya mama na mtoto, kinachobeba chanjo, kinachomkimbiza mama mjamzito hospitalini usiku na kumfikisha katekista vigangoni. Chombo hicho kikiibiwa, hasara haiishii kwenye thamani yake. Ratiba ya kliniki inavunjika, watoto wanakosa chanjo kwa wakati, na kamati inaanza upya kuandika maombi kwa wafadhili.

Vyombo hivi hutumia saa nyingi zaidi vikiwa vimesimama kuliko vikiwa safarini. Vinalala uani kwa paroko, nyumbani kwa dereva, au kwenye nyumba ya mhudumu wa afya ya jamii. Pamoja na hayo, tunapopanga bajeti ya usafiri tunafikiria mafuta, matairi na matengenezo, na ni nadra kujiuliza: usiku chombo hiki kinalindwa na nini? Katika makala haya tunaeleza hatua ambazo kamati ya parokia inaweza kuzichukua, nyingi zikiwa za gharama ndogo.

Mwizi anahitaji nini?

Mwizi wa gari lililoegeshwa anahitaji mambo matatu: muda, ukimya na njia rahisi ya kuondoka. Hakuna kufuli lisilovunjika. Kazi ya kufuli ni kumchelewesha mwizi na kumlazimisha apige kelele. Ndiyo maana vizuizi vitatu vya kawaida vinavyotumika pamoja ni bora kuliko kifaa kimoja cha bei kubwa kinachotegemewa peke yake.

Jambo la pili la kukumbuka ni kwamba mwizi huchagua kilicho rahisi. Ujerumani Magharibi ilipolazimisha kufuli za usukani kati ya mwaka 1961 na 1963, sheria iligusa magari yote, mapya na ya zamani, na wizi ukapungua. Uingereza ililazimisha kufuli hizo kwa magari mapya tu kuanzia mwaka 1971, na wezi wakahamia kwenye magari ya zamani yasiyokuwa nazo. Somo kwa parokia ni hili: ukilifungia gari jipya kwa makufuli mawili na kuiacha pikipiki ya kigango chini ya mwembe, umemwonyesha mwizi pa kuanzia.

Anzeni na ufunguo

Kabla ya kununua kifaa chochote, kamati ijiulize nani anashika funguo. Ufunguo unaoning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango unaonekana na kila mgeni anayeingia. Tunashauri yafuatayo:

- Funguo za akiba zihifadhiwe mahali pamoja panapofungwa, mbali na funguo zinazotumika kila siku.
- Kila anayechukua ufunguo aandike jina, saa ya kuchukua na saa ya kurudisha. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.
- Dereva anapoacha kazi, ufunguo urudishwe siku hiyohiyo. Ukipotea, kitasa kibadilishwe.
- Ufunguo usiachwe kwenye swichi hata kwa dakika moja. Magari mengine huibiwa dereva anaposhuka kufungua geti huku injini inaunguruma. Kama hakuna wa kufungua geti, dereva azime gari na kushuka na ufunguo mkononi.

Baadhi ya magari ya miaka ya karibuni hufunguka na kuwaka bila kuingiza ufunguo, mradi rimoti iwe karibu. Wezi wenye vifaa maalumu huweza kunasa mawimbi ya rimoti iliyo ndani ya nyumba na kuyarusha hadi kwenye gari lililo nje. Kinga yake ni nyepesi: rimoti ilale ndani ya kopo la chuma lenye mfuniko, mbali na mlango na dirisha. Ili kulipima kopo, weka rimoti ndani, lifunike, kisha usimame karibu na gari ujaribu kufungua mlango. Ukifunguka, tafuta kopo jingine.

Mahali pa kuegesha

Gari liegeshwe mahali panapoonekana kutoka kwenye dirisha la chumba anacholala mtu. Kona yenye giza nyuma ya ghala inalificha gari, na inamficha mwizi pia. Michongoma inayozunguka uwanja ikatwe iwe chini ya kimo cha mtu.

Taa inasaidia pale tu ambapo kuna jicho la kuona. Taa inayowaka usiku kucha mahali pasipotazamwa na mtu inammulikia mwizi afanye kazi yake vizuri. Afadhali taa ya sola inayowaka yenyewe mtu anapopita, kwa sababu mabadiliko ya ghafla humwamsha mlinzi na mbwa.

Gari lielekezwe pua ukutani, magurudumu ya mbele yakatwe upande mmoja, na breki ya mkono ifungwe. Likiegeshwa kwenye mteremko linaweza kusukumwa kimyakimya hadi barabarani. Kama kuna magari mawili, lile la bei ndogo liegeshwe nyuma ya lile la thamani ili kuziba njia.

Kuzuia injini isiwake

Magari mengi ya siku hizi yana ufunguo wenye chipu. Mfumo huu, unaoitwa imobilaiza, hukataa kuwasha injini kama chipu haikutambuliwa. Thamani yake imeonekana Marekani. Miaka ya hivi karibuni magari ya Hyundai na Kia yasiyokuwa na imobilaiza yaliibiwa kwa wingi baada ya vijana kusambaza video zinazoonyesha namna ya kuyawasha. Februari 2023 kampuni hizo zilitangaza kurekebisha bure programu za magari yapatayo milioni 8.3. Wamiliki wengi walipewa pia kufuli la chuma la kufunga usukani. Kifaa hicho cha zamani bado kina kazi, kwani mwizi anakiona kwa kioo kabla hajavunja mlango.

Magari mengi ya kazi ya miaka ya nyuma tuliyo nayo parokiani hayana imobilaiza. Kipimo rahisi ni hiki: kama ufunguo wa chuma uliochongwa kwa fundi wa mtaani unawasha gari, basi halina. Kwa magari hayo, fundi umeme anaweza kufunga swichi ya siri. Hapa kuna jambo la kuangalia. Kwenye gari la dizeli la zamani, swichi inayokata stata peke yake haitoshi, maana gari linaweza kusukumwa likawaka. Mwombeni fundi akate umeme unaofungua mafuta kwenye pampu. Bila umeme huo pampu haipitishi mafuta, hata gari likisukumwa. Mahali ilipo swichi pajulikane na watu wachache, na kazi ifanywe na fundi mnayemwamini.

Gari linalokaa siku nyingi bila kutumika litolewe waya wa betri. Hatua hii haigharimu kitu.

Vifaa vya GPS navyo vina msaada, lakini tuvielewe vizuri. Havizuii wizi. Vinaonyesha gari lilikokwenda, iwapo mtandao wa simu upo, ada imelipwa, na kuna mtu aliye macho wa kutazama. Gari likionekana, taarifa hiyo wapewe polisi. Waumini wasiende wenyewe kulikomboa.

Pikipiki inahitaji uangalizi wa pekee

Pikipiki hubebwa na watu wawili na kupakiwa kwenye gari bila hata kuwashwa. Kwa hiyo kufunga usukani peke yake hakutoshi. Lazima ifungwe kwenye kitu kisichobebeka. Njia nzuri ni kuchimbia pete ya nondo nene kwenye zege, kisha kupitisha mnyororo mnene kwenye fremu na gurudumu la nyuma. Mnyororo uliopitishwa kwenye gurudumu la mbele tu hausaidii sana, kwani gurudumu hilo linafunguliwa na kuachwa. Aidha, mnyororo na kufuli visilale chini. Vikigusa sakafu, mwizi hupata mahali pa kuegemeza nyundo au mkasi wa chuma.

Wahudumu wengi huingiza pikipiki ndani ya nyumba wanamolala. Tunaelewa sababu yake, lakini tunaomba tahadhari. Mvuke wa petroli ni hatari penye kibatari, mshumaa au jiko la mkaa, na mara nyingi watoto wanalala chumba hichohicho. Mhudumu anayepewa pikipiki apewe pia mnyororo, kufuli, na pale inapowezekana kibanda kidogo chenye pete kilichoegemezwa kwenye ukuta wa nyumba.

Wizi wa vipuri

Mara nyingine mwizi halihitaji gari zima. Anachukua vioo vya pembeni, taa, betri, tairi la akiba, au anafyonza dizeli. Vipuri huibiwa kwa sababu vina mnunuzi, hivyo kinga ni kuvipunguzia soko. Chongesheni namba ya gari kwenye vioo vyote na taa, pigeni ribiti vioo vya pembeni, na wekeni kufuli kwenye tairi la akiba na mfuniko wa tangi. Nasi tunaponunua vipuri tuulize vimetoka wapi. Parokia inayonunua kioo cha bei ya kutupa bila kuuliza inalipia kioo cha jirani kilichong'olewa jana.

Mlinzi ni mtu

Hapa tunagusa jambo zito. Mlinzi wa usiku mara nyingi ndiye mwenye kipato kidogo kuliko wote uani, na ndiye wa kwanza kushikwa gari likipotea. Wakati huohuo anatarajiwa kusimama peke yake mbele ya watu wenye mapanga. Hakuna gari lenye thamani ya uhai wake. Kamati imwambie wazi, na ikiwezekana kwa maandishi, kwamba kazi yake ni kuona, kupiga kelele na kuita msaada, na kwamba hatalaumiwa kwa kutopigana.

Kisha apewe vifaa vya kazi hiyo: filimbi, tochi, simu yenye chaji na salio, na namba za watu watatu wa kuwapigia, pamoja na namba ya dharura ya polisi, 112. Majirani na viongozi wa mtaa au kitongoji wakubaliane kwamba filimbi ikilia usiku, kila nyumba itawasha taa. Penye kikundi cha ulinzi shirikishi, parokia ijiunge na kuchangia kama kaya nyingine.

Karatasi na bima

Gari likiibiwa, polisi na kampuni ya bima wataomba namba ya usajili, namba ya chasisi na namba ya injini. Ziandikeni sasa na kuzihifadhi ofisini pamoja na nakala ya kadi ya gari na picha za chombo kutoka pande zote. Msishangae namba ya chasisi ikiwa fupi. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana namba ya tarakimu na herufi 17 kama mengine. Kadi halisi isikae ndani ya gari. Angalieni pia jina lililo kwenye kadi. Chombo cha parokia kikiwa kimesajiliwa kwa jina la mtu binafsi badala ya wadhamini waliosajiliwa, madai yanaweza kukwama.

Kuhusu bima, kamati nyingi zinadhani bima yoyote inatosha. Bima ndogo, yaani ya mtu wa tatu, inalipa madhara waliyopata watu wengine. Haimlipi mwenye gari likiibiwa. Ni bima kubwa, au ile inayotaja wazi wizi na moto, ndiyo inayofidia. Someni masharti kabla ya kutia saini: mengine yanataka gari lilale ndani ya uzio, au liwe na kifaa fulani.

Wizi ukitokea, msiguse eneo la tukio. Toeni taarifa polisi mara moja na kupata namba ya RB, ijulisheni kampuni ya bima ndani ya muda uliotajwa kwenye mkataba, kisha waandikieni wafadhili wenyewe kabla hawajasikia kwa wengine.

Ombi letu kwa wafadhili na kamati

Kwa wafadhili wetu, ombi letu ni moja. Mnapochangia chombo cha usafiri, tunaomba mruhusu fungu la ulinzi liwe ndani ya bajeti ileile: bima kubwa, makufuli, taa, na posho halali ya mlinzi. Fungu hili linapokatwa ili bajeti ionekane ndogo, gharama haipotei. Inahamia kwa mama atakayesubiri gari lisilokuja.

Kwa kamati, tunapendekeza maswali yafuatayo yajadiliwe katika kikao kijacho:

1. Kila chombo chetu kinalala wapi leo usiku, na nani anakiona?
2. Funguo zote ziko ngapi, na kila mmoja uko kwa nani?
3. Bima yetu inalipa wizi, ndiyo au hapana?
4. Mlinzi wetu anajua afanye nini, na ana salio kwenye simu?
5. Ni chombo kipi kilicho rahisi kuibiwa kuliko vyote? Tuanze na hicho.

Jibu la kila swali liandikwe kwenye muhtasari wa kikao, pamoja na jina la atakayelisimamia na tarehe ya kumaliza.