Redio ya mukononi: mahali pa kucheza, mahali pa kuzima

Sisi wapenda redio tunajua: kilima kinakata sauti. Njo maana relai inawekwa juu. Inasikia sauti yetu ku frekansi moja na kuitoa palepale ku ingine; ku bendi ya megahezi 144 mpaka 146, mara nyingi tofauti ni kilohezi 600. Bonyeza, ngoja kidogo, kisha sema. Ukisema mbio, relai inameza neno la kwanza.

Lakini wandugu wa mugodi, ile redio ya kucheza isiingie kazini. Mawimbi yake, karibu na detonateri ya umeme, yanaweza kuwasha baruti. Mama, baba akienda ku posti, muulize: redio umeiacha nyumbani?