Mechi Imehama, Sebule Ibaki

Sote twajua nyumba inavyochangamka baba na watoto wanapokusanyika kutazama mechi. Huko Marekani, kwa miaka mingi, mechi za timu ya mji zilipatikana kwenye televisheni ya kebo. Hata mama asiyetazama mchezo wowote alizilipia ndani ya ankara ya kila mwezi.

Kisha familia nyingi zikaikata kebo, na fedha zikapungua. Machi 2023, Diamond Sports Group, kampuni yenye vituo vingi vya michezo, iliomba mahakama iikinge na wadai wake. Mwishoni mwa Mei ikaacha kuonyesha besiboli ya San Diego Padres. Ligi yenyewe ikazichukua mechi hizo, ikaziuza pia kwa njia ya intaneti kwa dola 19.99 kwa mwezi. Mwaka huo huo, timu ya mpira wa kikapu ya Phoenix Suns ilirudi kwenye vituo vinavyonaswa kwa antena, bila malipo.

Kwetu akina mama, hapa pana mambo mawili. Kwanza, malipo madogo madogo hutoboa mfuko. Tukae na waume zetu, tuyaandike yote, tubaki na moja. Pili, intaneti hufikisha mechi hata kwenye simu, kila mtoto chumbani mwake, na babu asiyezoea simu akabaki peke yake. Tuiwashe sebuleni, naye apate kiti chake.