Nyumba za kale za Songwe (2): Ufunguo uko mikononi mwa madiwani

Katika sehemu ya kwanza tulijiuliza nyumba ya kale ni ipi. Tukakubaliana kwamba umri peke yake hautoshi: nyumba huwa ya kale kwa habari iliyohifadhiwa na kuta zake, yaani nani aliijenga, kwa ufundi gani, na watu waliishije humo. Leo tunaingia kwenye swali zito zaidi. Nani ana wajibu wa kuitunza, na anaitunza kwa sheria ipi?

Tuanzie Tunduma. Mgeni anayefika hapo leo haoni mji wa kale. Anaona foleni ya malori yanayovuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, wabadilisha fedha, bodaboda, na safu za fremu za maduka zinazoongezeka kila msimu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu Tunduma watu wasiofika laki moja. Ya mwaka 2022 ikakuta wamepita laki mbili. Mji unaoongezeka hivyo ndani ya miaka kumi una njaa ya viwanja, na nyumba ya zamani iliyoko kando ya barabara kuu ndiyo inayoliwa kwanza. Simlaumu mwenye nyumba anayebomoa ili ajenge fremu. Ana watoto wa kusomesha, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba nyumba ya baba yake ina thamani nyingine zaidi ya kiwanja chake.

Hata hivyo eneo hili lina historia ndefu kuliko linavyoonekana. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walitia saini mkataba wa kugawana nchi za watu wengine, na ndani yake mkaingizwa Barabara ya Stevenson, njia iliyokusudiwa kuunganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Mpaka ulichorwa ili njia hiyo ibaki upande wa Waingereza. Kwa sababu hiyo Wanyamwanga wakajikuta ndugu wa ukoo mmoja wako katika nchi mbili, na Tunduma ikawa mlango. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, ilifika hapa mwaka 1973. Mwezi Oktoba 2019 marais wa Tanzania na Zambia walizindua kituo cha pamoja cha forodha. Kila kipindi kilileta nyumba zake, na kila kipindi kilibomoa za kilichotangulia.

Tunazo nyumba zipi?

Nikizipanga nyumba za kale za mkoa huu, napata mafungu manne.

La kwanza ni nyumba za wenyeji: Wanyiha, Wanyamwanga, Wandali, Walambya, Wawanda, Wabungu na wengineo. Hizi ni nyumba za miti na fito, zilizokandikwa udongo na kuezekwa nyasi. Wengi hudhani nyumba ya aina hii haiwezi kuwa urithi kwa kuwa haidumu. Nitaonyesha hapa chini kwamba hawako sahihi.

La pili ni nyumba za misheni. Wamoraviani, waliokuwa wameanza kazi Rungwe mwaka 1891, walifungua kituo Mbozi mwaka 1899, na baadaye wakawa na kituo kingine Isoko, Ileje. Mapadre wa Shirika la White Fathers walikwenda Mkulwe na Galula, upande wa bonde la Rukwa. Vituo hivi vilieneza tofali za kuchoma na nyumba za pembe nne. Fundi wa leo wa Vwawa au Mlowo anayepanga tanuri la tofali anaendeleza ufundi ambao mizizi yake iko huko.

La tatu ni nyumba za migodi na mashamba. Saza, katika Wilaya ya Songwe, ulikuwa miongoni mwa migodi mikubwa ya dhahabu ya Tanganyika hadi ulipofungwa mwaka 1956. Upande wa Mbozi walowezi walilima kahawa na kujenga nyumba za kuishi na za kuhifadhia mazao.

La nne ni majengo ya TAZARA: stesheni na nyumba za wafanyakazi kutoka Mlowo na Vwawa hadi Tunduma. Wasomaji wengi watashangaa kuyaona kwenye orodha hii, kwa sababu wanawajua watu waliokuwepo yakijengwa. Huo ndio wakati mzuri wa kuanza kutunza, mashahidi wakiwa bado hai.

Sheria inasemaje?

Sheria kuu ni Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979. Sheria hiyo inalilinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Imekwenda hadi kwenye milango ya mbao iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. Ni sheria nzuri kwa Kilwa, Bagamoyo na Pangani. Sasa ilete Songwe. Misheni ya Mbozi ni ya 1899. Saza ni ya karne ya ishirini. Reli ni ya juzi. Nyumba ya fito na nyasi haiwezi kufikisha miaka hiyo bila kujengwa upya. Kwa kipimo cha mwaka 1863, mkoa wetu wenye watu zaidi ya milioni 1.3 unaweza kukosa hata nyumba moja inayolindwa.

Upo mlango wa pili: Waziri anaweza kukitangaza kitu kuwa kumbukumbu ya taifa. Mfano tunao hapa hapa. Kimondo cha Mbozi, kilichoko Ndolezi, ni pande la chuma lenye urefu wa mita tatu hivi na uzito unaozidi tani kumi. Wenyeji walikijua tangu zamani, mpimaji W. H. Nott akakiandika mwaka 1930. Nacho kimelindwa kisheria tangu mwaka 1967. Kabla ya hapo watu walikuwa wakikikata vipande na kuondoka navyo. Ikiwa jiwe la chuma linalochosha msumeno liliweza kumegwa, ukuta wa udongo utapona vipi bila mlinzi?

Lakini Waziri hawezi kuijua kila nyumba ya Chitete au Itumba. Ndiyo maana kuna mlango wa tatu, ambao ndio kiini cha makala ya leo. Sheria ya Mambo ya Kale inaziruhusu mamlaka za serikali za mitaa kutunga sheria ndogo za kuhifadhi urithi ulioko katika maeneo yao. Sheria za Serikali za Mitaa za mwaka 1982, Namba 7 ya wilaya na Namba 8 ya miji, zinayapa mabaraza ya madiwani uwezo wa kutunga sheria ndogo. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 nayo inaitambua nafasi ya mamlaka ya upangaji, ambayo kwetu ni halmashauri, katika kulinda majengo yenye thamani ya kihistoria au ya kiufundi. Juu ya hayo yote kuna Sera ya Malikale ya mwaka 2008.

Kwa hiyo halmashauri zetu tano, yaani Tunduma, Mbozi, Momba, Ileje na Songwe, hazihitaji kungoja sheria mpya kutoka Dodoma. Ufunguo wanao madiwani.

Wenzetu wamefanya nini?

Historia inaonyesha kwamba mara nyingi mji hutangulia na taifa hufuata. Charleston, mji wa Carolina Kusini nchini Marekani, ulitunga sheria yake ya kulinda mtaa wa kihistoria mwaka 1931. Sheria ya taifa zima ya kuhifadhi majengo ya kihistoria ilikuja mwaka 1966, miaka 35 baadaye.

Tukirudi kwetu, Zanzibar iliunda Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe mwaka 1985, na mji huo ukaingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Lamu ilifungua ofisi ya hifadhi mwaka 1986, kisha ikaunda kamati ya mipango ya kusimamia ujenzi ndani ya mji wa kale. Mwaka 2001 nayo ikaingia kwenye orodha hiyo. Dar es Salaam ililifungua Boma la Kale, jengo la enzi za Sultani Majid, kuwa kituo cha urithi wa majengo ya jiji mwaka 2017.

Jirani yetu wa karibu zaidi ni Iringa. Boma la Iringa lilijengwa na Wajerumani mwaka 1900 likiwa hospitali ya jeshi lao, kisha likatumika kama ofisi za serikali kwa miaka mingi. Mwaka 2016 lilifunguliwa kuwa makumbusho na kituo cha utamaduni, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Iringa. Leo mwanafunzi wa Nyanda za Juu Kusini anaingia humo akasoma historia yake mwenyewe. Jengo lililokuwa na makabati ya mafaili sasa ni darasa.

Yapo pia mafunzo ya uchungu. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa mwaka 1883, ilikuwa na kila jina la heshima, na bado upande wake mmoja uliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 ukiwa katika ukarabati, na mafundi wakapoteza maisha. Kuliandika jengo kwenye orodha hakulizuii kuanguka. Ukarabati wa kila mwaka, wa paa na mifereji ya maji, ndio unaolishikilia.

Sasa nirudi kwenye nyumba za fito na nyasi. Makaburi ya Kasubi, Kampala, ambako wamezikwa Makabaka wa Buganda, ni jengo kubwa la miti, matete na nyasi lililojengwa mwaka 1882. Liliteketea kwa moto tarehe 16 Machi 2010. Waganda walilijenga upya, kwa sababu ukoo wa Ngeye ulikuwa bado na watu wanaojua kuezeka kwa kanuni za mababu. Mwaka 2023 UNESCO iliiondoa Kasubi katika orodha ya urithi ulio hatarini. Nyasi ziliungua lakini ufundi ulibaki, na ufundi huo ndio ulioirudisha nyumba. Kwa nyumba za Wanyiha na Wanyamwanga, urithi wa kulindwa kwanza ni mzee anayejua mti upi hauliwi na mchwa, nyasi zipi hukatwa mwezi gani, na namna ya kufunga kilele cha paa ili mvua za Ileje zisipenye. Mzee huyo akifariki bila mwanafunzi, nyumba zote za aina ile zimekufa naye.

Halmashauri ianzie wapi?

Napendekeza hatua nne, na hakuna hata moja inayohitaji mfadhili wa nje.

Kwanza, daftari. Kila halmashauri ina afisa utamaduni na afisa mipango miji. Wakishirikiana na watendaji wa kata na vijiji, wanaweza kuandika nyumba zote zenye historia: mahali ilipo, mmiliki, mwaka wa kujengwa kwa ushuhuda wa wazee, picha, na hali ya paa. Nyumba isiyoandikwa huvunjwa bila mtu kujua kwamba kuna kitu kimepotea.

Pili, sheria ndogo fupi. Iseme kwamba nyumba iliyomo kwenye daftari haibomolewi kabla halmashauri haijapewa taarifa na muda wa kuzungumza na mwenye nyumba, kuipiga picha na kuipima. Isimnyang'anye mtu haki ya mali yake. Wananchi watoe maoni kwanza, kama sheria inavyotaka, ndipo baraza lipitishe na kuipeleka juu kwa idhini.

Tatu, mwenye nyumba apate unafuu. Nchi nyingine humpunguzia kodi ya jengo. Kwetu, tangu mwaka 2021, kodi ya majengo hukatwa kupitia umeme wa LUKU, kwa hiyo halmashauri haina mkono hapo. Lakini inaweza kumsamehe ada ya kibali cha ukarabati na kumpa ushauri wa mhandisi wake bila malipo.

Nne, kazi kwa vijana. Asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Vikundi vya kuezeka nyasi, vya kukarabati kuta za tofali na vya kuongoza wageni wanaokwenda kuona Kimondo vinastahili kuomba mikopo hiyo sawa na vikundi vya bodaboda na vya kufuga kuku.

Najua atakayesema kwamba zahanati na madarasa ni ya lazima zaidi. Nakubaliana naye. Lakini daftari ni karatasi na miguu ya watendaji; halishindani na zahanati. Na halmashauri inayojenga shule mpya bila kujua historia ya kata yake inawapa watoto madarasa yenye vitabu vya miji ya wengine tu.

Mkutano wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Msomaji wa Songwe, katika mkutano ujao nyoosha mkono uombe jambo moja liandikwe kwenye muhtasari: nyumba ya kale kuliko zote katika kijiji chetu ni ipi, na nani anajua habari zake? Diwani wako akiupata muhtasari huo, daftari litakuwa limeshaanza.

*Juma lijalo, sehemu ya tatu na ya mwisho: namna ya kumhoji mzee na kuandika historia ya nyumba.*