Mkoloni Asiyevuka Bahari

Kila mwaka ninapoanza kufundisha somo la lugha na siasa, huwaomba wanafunzi wangu wazitaje dola zilizotawala watu wengine. Majibu huja kwa pupa: Uingereza, Ufaransa, Ureno, Ubelgiji, Ujerumani, na aliye mwangalifu huongeza Uturuki au Oman. Urusi haitajwi. Siwalaumu, kwani vitabu tulivyosomea sisi wakubwa wao navyo viliinyamazia. Tulifunzwa kwamba ukoloni ni kitu kilichoteremka kutoka merikebuni, na kwamba asiyevuka bahari hakuwa mkoloni.

Hebu tuitazame ramani. Mwaka 1552 Tsar Ivan wa Nne aliuteka mji wa Kazan, makao ya Watatari Waislamu. Yapata miaka 30 baadaye kundi la Wakosaki chini ya Yermak lilivuka milima ya Ural, na kufikia 1639 Warusi walikuwa wamesimama kwenye ufuo wa Pasifiki. Yote hayo yalifanywa kwa miguu, kwa farasi na kwa mashua za mitoni. Walichokifuata ni ngozi zenye manyoya, ambazo katika masoko ya Ulaya zilikuwa na thamani kubwa. Wanaume wa makabila ya Siberia walitozwa kodi ya ngozi iliyoitwa yasak, na ili kodi isichelewe, watu wa koo zao walikamatwa na kufungiwa ngomeni. Mateka hao Warusi waliwaita amanat. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi hapa. Ni neno lile lile la Kiarabu ambalo sisi tulilipokea kama amana. Kwetu amana ni mali ambayo mwenyewe amekukabidhi kwa hiari yake. Kule likawa jina la mwana wa mtu aliyenyang'anywa jamaa zake.

Wapo watakaosema kwamba hiyo haikuwa himaya, ilikuwa ni nchi tu iliyokuwa ikipanuka hadi kwenye mipaka yake ya kimaumbile. Watumishi wa Tsar wenyewe hawakusema hivyo. Mwaka 1864 waziri wa mambo ya nje, Aleksandr Gorchakov, alituma waraka akizieleza serikali za Ulaya kwa nini majeshi ya Urusi yalikuwa yakisonga mbele Asia ya Kati. Urusi, alieleza, ilikuwa katika hali ile ile ya Marekani barani mwake, ya Ufaransa nchini Algeria, ya Uholanzi katika makoloni yake na ya Uingereza huko India. Ulinganisho huu, basi, haukubuniwa na mahasimu wa Urusi. Mwaka uliofuata mji wa Tashkent ukatekwa.

Yaliyofuata huko yana ladha tunayoijua. Katika nyika za Wakazakhi na Wakirgizi, wafugaji wa kuhamahama, serikali ilitangaza kuwa ardhi ni mali yake, ikawagawia walowezi zaidi ya milioni moja katika miongo miwili ya kabla ya mapinduzi. Kisha mwaka 1916, vita vikiwa vimepamba moto, Tsar aliamuru wanaume wa Asia ya Kati wakachimbe mahandaki na kufanya kazi za sulubu nyuma ya majeshi. Wakati huo huo, wazee wetu walikuwa wakisombwa kubeba mizigo ya jeshi la Mwingereza kuelekea Tanganyika, na majina ya Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam yangali yanatukumbusha. Wakirgizi waliasi. Waliokimbilia China kupitia milimani walikufa kwa maelfu, na msiba huo wao huuita Urkun.

Haki itendeke, lakini. Dola ya Urusi ilikuwa na tofauti zake. Masharifu wa Georgia, na hata Wajerumani wa Baltiki, waliingizwa katika tabaka la mabwana na kupewa vyeo vya juu jeshini, jambo ambalo chifu wa Kikuyu au wa Kiluo asingeliota London. Na Mrusi mwenyewe wa kijijini, ambaye dola ilidaiwa kuwa yake, alikuwa mtwana aliyeweza kuuzwa na bwana wake mpaka mwaka 1861. Sijui kama kuna Mwingereza aliyelipia himaya yake kwa bei hiyo.

Ila mimi ni mtu wa lugha, na ni katika lugha ambamo naiona dola hii waziwazi zaidi. Mwaka 1863 waziri wa mambo ya ndani, Pyotr Valuev, alizuia uchapishaji wa vitabu vya dini na vya elimu kwa Kiukraine, kwa hoja kwamba lugha hiyo haikuwahi kuwapo, haipo, wala haiwezi kuwapo. Ni ajabu ya waziri kupiga marufuku kitu kisichokuwapo! Mwaka 1876 Tsar Aleksandr wa Pili, akiwa mapumzikoni Ems, Ujerumani, alikaza kamba: michezo ya kuigiza na uingizaji wa vitabu kutoka nje navyo vikakatazwa. Lakini ng'ambo ya mpaka, katika Lviv iliyotawaliwa na Austria, lugha iyo hiyo ilikuwa ikichapishwa, na waandishi wa Kyiv wakawa wanapeleka miswada yao huko. Watu wa lugha moja walikuwa chini ya dola mbili, na kalamu ikafuata iliyokuwa na mkono mwepesi.

Baada ya 1918 Austria na Uturuki zilivunjika vipande. Urusi iliunganishwa upya na Wabolsheviki, na kufikia 1922 ikawa na jina jingine. Kikazakhi, kilichokuwa kikiandikwa kwa herufi za Kiarabu kama Kiswahili cha zamani, kilihamishiwa herufi za Kilatini mwaka 1929, na mwaka 1940 kikahamishiwa zile za Kirusi. Mtoto aliyejifunza kusoma mwaka 1941 hakuweza kuisoma barua ya babu yake wala daftari la kakaye.

Mnamo Februari 2022 balozi wetu katika Umoja wa Mataifa, Martin Kimani, aliliambia Baraza la Usalama kwamba nasi tulizaliwa na kifo cha himaya na mipaka yetu hatukuichora wenyewe. Siku chache baadaye Baraza Kuu lilipoupigia kura uvamizi wa Ukraine, mataifa 17 ya Afrika yalijizuia, Tanzania na Uganda zikiwemo. Sababu zao ni nyingi, na mojawapo ni shukrani: Moscow ilisaidia harakati za ukombozi, na tangu 1960 ilikuwa na chuo kikuu kilichokuja kupewa jina la Patrice Lumumba. Siidharau shukrani hiyo. Nauliza tu inadaiwa na nani. Vijana wetu wa miaka ile walisomea pia Kyiv, Kharkiv, Odesa na Tashkent, wakarudi na shahada zao, nasi nyumbani tukasema wote wametoka Urusi.